Mahali na Mahari

Katika mkoa wetu wa Mara, ukimwambia mzee kwamba kijana wake anakwenda kusomea kuigiza, jambo la kwanza atakalokuuliza ni kama kuigiza nako kunasomewa. Swali hilo si la kijinga. Mzee huyo tangu utotoni amewaona watu waigizao bila kufundishwa na mwalimu yeyote: mama asimuliaye hadithi usiku, akawa fisi na sungura kwa pumzi moja, mpiga litungu wa Kikurya ambaye kwa nyuzi zake 8 tu huwasema wakubwa na wadogo wa kijiji mbele ya macho yao, mnywaji wa pombe ambaye humwiga mtendaji wa kata mpaka watu wakavunjika mbavu. Kwa mzee huyo, mtu huzaliwa na sanaa ya namna hii kama azaliwavyo na kimo. Kumlipia mtu karo akajifunze kuwa mrefu ni kutupa fedha.

Sisi tumefanya kazi ya utamaduni serikalini kwa zaidi ya miaka 25, sehemu kubwa ya muda huo hapa Musoma, na swali hilo tumeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote. Twapenda kulijibu katika kurasa hizi, lakini si kwa hoja za ofisini. Twataka kueleza habari za kijana mmoja tumjuaye vizuri, binti wa kaka yetu akaaye Bunda, aliyekwenda Bagamoyo kusomea uigizaji, na yale yaliyoupata ulimi wake huko. Jina lake hatutaliandika. Bado ni kijana, na kazi ya kulitangaza jina lake ni yake mwenyewe.

Ukoo wetu ni wa Wazanaki wa Butiama. Mama yetu, yaani bibi yake binti huyo, aliishi huko maisha yake yote, na Kiswahili alichokuwa nacho alijifunza ukubwani, sokoni na katika mikutano ya kijiji. Kaka yetu alihamia Bunda akiwa kijana, akafungua duka la vipuri vya baiskeli, na watoto wake wote wamezaliwa pale. Kwa msomaji asiyepajua, Bunda ni mji wa njia panda. Barabara kuu hupita hapo, ikielekea Mwanza upande mmoja, na Musoma na Sirari upande wa pili; na hapo huchepuka njia ya Kisorya, penye kivuko cha kwendea Ukerewe. Waikizu, Wasizaki, Wajita, Wakurya, Wasukuma, Wakerewe na sisi Wazanaki hukutana hapo, kila mtu na ulimi wake, na Kiswahili ndicho kituunganishacho. Lakini ni Kiswahili cha bara hasa. Lugha zetu kadhaa hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Kwa hiyo wengi wetu tukichoka twaenda kurara, na tukiwa na njaa twataka kura. Katika mwaka wa uchaguzi, mtu wa kwetu akisema kwamba anataka kura, itakubidi umtazame usoni upate kujua kama ni mgombea au ana njaa tu.

Binti huyo alikulia katika Kiswahili hicho, na katika shule yake ya sekondari ndiye aliyekuwa akiongoza maigizo ya siku ya wazazi. Yafaa tueleze maigizo hayo yalivyokuwa, maana hata sisi tuliyacheza shuleni hapa Musoma katika miaka ya 1980, na hayajabadilika sana. Mzee alikuwa ni mkongojo na kikohozi. Tajiri alikuwa ni mto wa kulalia uliofungwa tumboni. Hasira ilikuwa ni kupiga kelele, na huzuni ilikuwa ni kufunika uso kwa viganja. Hata tulipoicheza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kitabu kilichotoka mwaka 1969 na ambacho karibu kila shule ilikuwa nacho, wapiganaji wetu wa Maji Maji walikuwa wakipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, hata wasikilizaji wasiweze kutambua ni wakati gani wana hofu na ni wakati gani wana tumaini.

Binti alipomaliza kidato cha nne baba yake alitaka awe mwalimu, na kwa kusema kweli alikuwa na sababu. Mwalimu ana mshahara mwisho wa mwezi. Mwigizaji ana makofi. Wazee wa ukoo waliokusanyika Bunda mwaka 2015 kuzungumza habari hiyo hawakujali mshahara. Mmoja wao alisema waziwazi: binti achezaye mbele za watu, leo mke wa huyu kesho hawara wa yule, hata kama ni kwa mchezo, ni nani atakayemtolea ng'ombe? Mahari yake imekwisha. Kaka yetu alinyamaza. Baadaye alilipa nusu ya karo, na nusu nyingine akatuachia sisi, akisema kwamba kwa kuwa ni sisi tuliomtia mtoto wazimu wa mashairi, basi dawa yake tuinunue wenyewe.

Chuo alichokwenda kina historia inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi. Baada ya Uhuru taifa letu liliunda vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Mwaka 1967 ilianzishwa idara ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako walisoma na kufundisha watu kama Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Kisha mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, na wasanii wa vikundi vile vya taifa wakawa miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Tangu mwaka 2007 chuo hicho ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Jambo la kutazama hapa ni kwamba wengi wa walimu wale wa kwanza hawakuwa watu wa vitabu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifundisha pale akiwa na zeze na ilimba yake. Aliimba Kigogo chake hapa nchini na katika nchi za ng'ambo hadi alipofariki mwaka 2003, na dunia ilimsikiliza kwa sababu alikuwa Mgogo, wala haikumtaka kwanza aimbe kama mtu wa pwani.

Mwezi wa kwanza, kama binti alivyotueleza kwa simu kila Jumapili, hakuigiza chochote. Alifundishwa kupumua. Alfajiri walikwenda ufukweni, wakatakiwa kuhesabu kwa sauti kwa pumzi moja, kwanza mpaka 20, kisha mpaka 30, pumzi ikitoka tumboni wala si kifuani. Na mwenzake aliyesimama mbali, katikati ya uvumi wa mawimbi, alikuwa hana budi kuisikia kila tarakimu bila yeye kupiga kelele. Baada ya hapo zilifuata ngoma. Mwigizaji pale hafundishwi kusema tu; hufundishwa sindimba ya Wamakonde, lizombe la Wangoni, na bugobogobo ya jirani zetu Wasukuma. Katika bugobogobo alijiona yuko nyumbani. Sindimba ilimtoa jasho la namna mbili, moja la mwili, na jingine la kumfikiria baba yake.

Lakini somo lililombadilisha lilikuwa la kutazama. Kila mwanafunzi alipelekwa soko la samaki, achague mtu mmoja, amtazame kwa siku 3 bila kumsemesha, kisha aje amwonyeshe darasani bila maneno. Yeye alimchagua mama mmoja akaangaye samaki. Siku ya kuonyesha alifuta jasho, akashika kiuno, akainama, akainuka, akawa mtu aliyechoka. Wenzake walimpigia makofi. Mwalimu akamwuliza: Mama yule hugeuza samaki kwa mkono gani? Akajibu kwamba ni wa kulia. Akamwuliza tena: Anajuaje kwamba samaki ameiva upande wa chini, ilhali haoni? Hakuwa na jibu. Akarudishwa sokoni. Siku ya pili ya kurudi ndipo alipotambua kwamba mama yule hakuwa akiyatazama mafuta hata kidogo, alikuwa akiyasikiliza. Samaki mbichi hupiga kelele nyingi katika mafuta kwa sababu ya maji yaliyo mwilini mwake, na maji yanapopungua sauti hubadilika. Mama alikuwa akizungumza na wateja, akitoa chenji, akimkemea mtoto, na sikio lake moja likiwa ndani ya karai wakati wote.

Hapo ndipo sisi tulipopata jibu la kumpa mzee wetu wa Mara. Uchovu waweza kuigizwa na mtu yeyote. Lakini mama yule, na sikio lake ndani ya karai, hawezi kuigizwa na mtu ambaye hajakwenda sokoni mara mbili. Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba kitenzi kuigiza kimezaliwa na kuiga, na kwamba mtoto huyu amempita mzazi wake silabi moja. Kasuku huiga.

Sasa tufike kwenye ulimi. Katika mwaka wake wa pili darasa lao lilikuwa likifanya mazoezi ya mchezo mfupi walioutunga wenyewe. Binti wetu alipewa nafasi ya mwanamke aliyemkimbia mume mkali, akarudi nyumbani kwao usiku. Ndugu yake wa kiume anafungua mlango na kumwuliza anataka nini. Naye anajibu: Nimerudi, kaka, lakini sina mahali. Hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa. Binti wetu akasema: Nimerudi, kaka, lakini sina mahari.

Wenzake wakacheka. Akarudia, ikatoka mahari. Akarudia mara ya tatu kwa hasira, ikatoka mahari tena, kubwa kuliko zile za kwanza. Kwa maandishi aliyajua maneno hayo kuwa mawili tangu shule ya msingi. Kinywani yalikuwa moja. Usiku ule alitupigia simu akilia, akasema kwamba mzee yule wa ukoo alikuwa amesema kweli, mahari yake imekwisha, na sasa imekwisha jukwaani mbele ya watu.

Mwalimu wake, hata hivyo, hakucheka. Alimtaka aketi awaeleze wenzake: kwenu, mwanamke akirudi kutoka kwa mume, amerudi bila kitu gani? Naye akawaeleza yale ambayo kila mtu wa Mara anayafahamu. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya mwanamke huweza kudaiwa warudi iwapo ndoa imevunjika. Aghalabu ng'ombe hao hawapo tena. Kaka yake amekwisha kuoa kwa ng'ombe hao hao. Basi kaka anapofungua mlango usiku ule na kumwona dada yake, humwona dada, na nyuma ya dada huona zizi tupu, na nyuma ya zizi humwona mke wake mwenyewe na watoto wake. Mwanamke asiye na mahari ya kurudisha, huenda asiwe na mahali pa kulala. Darasa zima likanyamaza. Kijana aliyekuwa akicheza nafasi ya kaka, mwenyeji wa Tanga, aliomba arudie sehemu yake tangu mwanzo, kwa maana sasa, alisema, ndiyo amejua kwa nini anasimama mlangoni muda mrefu namna ile.

Mwalimu alimpa binti wetu kazi mbili. Ya kwanza, kwa miezi 3 afanye mazoezi ya l kila asubuhi, ncha ya ulimi ikigusa ufizi wa juu bila kutetemeka, mpaka neno mahali limtoke hata usingizini; kwa kuwa mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kulisikia neno lililoandikwa. Ya pili, asilipoteze lile jingine. Aliandike lilivyotoka.

Ile kazi ya kwanza alihangaika nayo sana. Alitunga sentensi za kujizoeza, za lori la Leila lililolala Lindi, na wenzake wa bwenini wakazikariri wasipende. Sisi tulio watunga mashairi twajua uzito wa jambo hili: mizani haidhuriki mtu akikosea l na r, lakini vina huvunjika, na ubeti wenye kina cha li uliotiwa ri ni kama nyumba yenye nguzo moja fupi. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kumfundisha Mzanaki matamshi sanifu ni kiburi cha pwani. Jukwaa la taifa lahitaji sauti ambayo mtu wa Mtwara na mtu wa Kigoma wataielewa sawasawa. Lakini ile kazi ya pili, ambayo walimu wengi huisahau, ndiyo iliyotushughulisha zaidi, na ndiyo iliyomrudisha Butiama.

Alikuja likizo mwishoni mwa mwaka 2016, akakaa kwa bibi yake wiki 3 akiwa na daftari na simu ya kunasia sauti. Siku za mwanzo bibi alimtazama akiandika, kisha akamwuliza ni kitu gani anachoandika.

"Ninaandika unavyosema, Bibi."

"Baba yako mdogo amekupereka pwani kujifunza kusema, sasa umerudi kujifunza kwangu? Basi hiyo karo irete hapa."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza katika daftari. Baada ya wiki moja binti alituita tuyatazame aliyoyaandika, na tukiri kwamba sisi tuliokaa na sauti ile kwa miaka mingi zaidi yake hatukuwa tumesikia nusu ya yale aliyoyasikia. Aliona kwamba makosa ya bibi yana kanuni. Kinywani mwake l hugeuka r, lakini r haigeuki l hata siku moja. Bibi husema kurara, hasemi lafiki. Wale wachekeshaji wa mjini wapendao kuwaiga watu wa bara huzibadilishabadilisha hizo mbili ovyo, kana kwamba mtu wa Mara hutupa herufi kama mtu apandaye ulezi. Aliona pia kwamba bibi, anapofika penye jambo zito katika hadithi, hainui sauti. Huishusha, mpaka watoto wasogee. Na fisi wake hakuwa na mlio wowote. Alikuwa ni shavu moja tu, lililovutwa ndani kidogo kama la mtu anayeonja kitu asichopewa. Watoto walimjua fisi kwa shavu hilo.

Kuna mtu mwingine wa Butiama ambaye hapana budi tumtaje hapa. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa kijijini hapo mwaka 1922, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Mtoto huyo ndiye ambaye baadaye, akiwa Rais, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Maana yake ni kwamba Warumi na Wavenisi walipotaka kusema Kiswahili jukwaani, waliazima kinywa cha Mzanaki. Walimu hupenda kuwaambia wanafunzi habari hiyo kama mfano wa mtu aliyetoka kijijini akapanda juu. Sisi twaiona kwa namna nyingine kidogo. Mtu huyo hakuacha kurudi Butiama. Alipostaafu urais mwaka 1985 alirejea huko, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Hatujui kwamba lugha ya Shakespeare ilimdai aisahau ile ya mama yake Mgaya.

Binti alimaliza masomo yake mwaka 2018. Katika mji mmoja mkubwa kundi moja la vichekesho, ambalo hatutalitaja, lilimpa nafasi ya mtumishi wa nyumbani aliyetoka Mara. Mtumishi huyo alitakiwa awe mkali bila sababu, ashike panga hata anapokata mchicha, na aseme lafiki na kurara kwa zamu. Malipo yalitosha kodi ya chumba na chakula. Alitupigia simu: Baba mdogo, nifanyeje? Tulimtaka atusomee maneno yote ya mtumishi huyo. Akatusomea. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo mtumishi yule alijua jambo ambalo bosi wake hakulijua. Tulimwambia kwamba sisi hatumlipii kodi, kwa hiyo uamuzi ni wake. Lakini hata mama wa samaki alikuwa akijua kitu.

Alikwenda kwa mwongozaji akamwomba ruhusa aseme kama bibi yake asemavyo hasa. Mwongozaji akamjibu kwamba watazamaji hawataki sarufi, wanataka kucheka. Binti akaiacha kazi ile. Alipanda basi la kurudi Bunda akiwa anadaiwa kodi ya miezi 2, akafika nyumbani saa nne za usiku. Kaka yetu alifungua mlango, akamtazama, akamtazama na begi lake, kisha akasema chai ipo.

Chuoni alikuwa amesoma habari za Malya, katika mkoa jirani wa Mwanza, ambako mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu walikwenda kufanya kazi na wanakijiji, si kuwaonyesha michezo, bali kuwasaidia waitunge wenyewe kutokana na shida zao na ngoma zao. Alitaka kufanya kitu kama hicho kwao. Mwaka 2019 aliwakusanya vijana 6 wa Bunda, wauza mitumba na waendesha bodaboda, akaanza nao kama alivyoanzwa yeye, kwa kupumua. Wawili waliacha baada ya wiki ya kwanza, wakisema kwamba kupumua wanakujua. Badala yao wakaja wengine. Mchezo waliouandaa ulikuwa ni ule ule wa mwanamke mlangoni, na waliucheza jioni ya Jumamosi katika uwanja karibu na soko, bila jukwaa na bila taa ila za pikipiki 3.

Sisi tulikuwapo, na kaka yetu alikuwapo, amesimama nyuma kabisa karibu na njia, kama mtu anayepita. Binti akafika mlangoni. Akasema kwa sauti iliyonyooka, kila mtu uwanjani akaisikia: Nimerudi, kaka, lakini sina mahali. Kijana aliyekuwa kaka, kama walivyopatana, akaweka mkono sikioni kana kwamba hakusikia. Ndipo binti akaishusha sauti, akasema tena, na safari hii kilikuwa ni kinywa cha mama yetu: Sina mahari.

Hakuna aliyecheka. Kimya kilikuwa kirefu, na tuliona watu wa nyuma wakisogea. Kisha kutoka kwa akina mama walioketi chini mbele, bibi mmoja tusiyemjua akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ajibuye jirani: "Na ng'ombe wamekwisha kuriwa."

Yule kijana mwendesha bodaboda akasahau maneno yake yote. Binti hakumnong'oneza. Alisimama pale, akapumua taratibu, akimtazama kama dada amtazamavyo kaka, mpaka kijana akayapata maneno mengine yasiyokuwamo katika mchezo, nayo yalikuwa mema kuliko yaliyokuwamo. Mchezo uliendelea baada ya hapo kwa nusu saa, na wanawake walijibu mara kadhaa. Wanaume wachache waliondoka. Mzee mmoja alitaka kujua ni nani aliyeruhusu mambo ya ndani yasemwe sokoni, na ilitubidi tuzungumze naye kwa heshima muda mrefu, wala hakuridhika.

Kaka yetu hakusema lolote juu ya mchezo wenyewe. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alimwuliza binti yake swali moja tu: ni nani aliyekufundisha kunyamaza muda wote ule?

Mama yetu alifariki mwaka 2021. Sauti yake imo katika simu ile, saa 11 na dakika kadhaa, hadithi na malalamiko na bei za sokoni, na daftari limejaa. Binti bado hajatolewa ng'ombe, na wazee bado wanalizungumza jambo hilo. Anafundisha chama cha maigizo katika shule moja ya sekondari Bunda, siku za Jumamosi, kwa malipo madogo, na mara moja kila muhula huwaleta wanafunzi wake Musoma, huwapeleka Mwigobero ambako mitumbwi hufikia, kila mmoja achague mtu wake. Wiki iliyopita walikuja ofisini kwetu kunywa maji wakiwa katika ubishi mkali. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemchagua mchuuzi wa dagaa wa Kijita, akashikilia kwamba mchuuzi huyo, anapotaja bei kwa mgeni, hutamka l safi, na anapoitaja kwa jirani yake humtoka r. Mwenzake alisema kwamba ni kinyume chake. Walitutaka sisi tuamue. Tuliwaambia kwamba boti za jioni hufika saa kumi, nao wakaondoka mbio.